Jumapili nzima ya redio ya mazungumzo Uingereza: naomba kueleweshwa

Mlezi wa Hull

Shikamooni wakubwa, na wenzangu hamjambo.

Mimi ni mwenyeji wa Tanga, na huu ni mwaka wa pili ninafanya kazi ya kuwatunza wazee majumbani hapa Hull, mashariki mwa Uingereza. Kila Jumapili zamu yangu ni kwa bibi mmoja mjane. Ninaingia saa moja asubuhi na kutoka saa moja usiku, na muda wote huo redio yake ndogo, iliyowekwa dirishani jikoni karibu na birika, haizimwi. Stesheni ni hiyo hiyo moja, Radio 4 ya BBC, nayo haipigi muziki mfululizo kama redio tulizokulia. Ni maneno tangu alfajiri hadi usiku wa manane.

Kinachonishangaza ni jinsi maneno hayo yanavyogeuka sura. Jumapili iliyopita nilipokuwa nikimkaangia bibi yai nilisikia ibada ikitoka kanisani. Kabla sijamaliza kuosha kikaango, ndege akalia na mtu akaeleza kwa ufupi ni ndege gani. Kisha yakachambuliwa magazeti. Kisha mtu mashuhuri akahojiwa huku akichagua nyimbo. Kisha watu wa kijiji fulani wakaanza kubishana kuhusu ng'ombe, nami nikadhani ni habari ya kweli mpaka bibi aliponieleza kwamba ni mchezo wa redio. Mchana yakafuata masuala ya chakula, habari, maswali ya watunza bustani na tamthilia. Sikusikia tangazo hata moja la sabuni wala la benki.

Jioni, dakika chache kabla ya taarifa ya habari ya saa kumi na mbili, bibi aliweka kidole mdomoni kuniashiria ninyamaze. Mtangazaji akaanza kusoma majina ambayo sikuyaelewa hata kidogo: Viking, Forties, Dogger, Humber. Bibi alisikiliza bila kutikisika mpaka Humber ilipopita, ndipo akashusha pumzi na kuomba chai. Nilipomuuliza, alinijibu tu kwamba marehemu mumewe alikuwa mvuvi.

Naomba wanaofahamu wanieleze mambo mawili. Kwanza, Jumapili ya namna hii imetokana na nini, na mtu ambaye Kiingereza chake ni cha shule aanzie kipindi kipi ili asipotee njiani? Pili, yale majina ya jioni ni nini?

Msikilizaji wa zamani, London

Marahaba, mwanangu. Nimeisikiliza stesheni hiyo kwa zaidi ya miaka thelathini, kwa hiyo naomba uniruhusu nianzie mbali kidogo, kwa sababu Jumapili hiyo haikuzuka tu.

Mkurugenzi mkuu wa kwanza wa BBC, John Reith, alikuwa Mskoti mcha Mungu aliyeamini kwamba Jumapili haipaswi kufanana na siku nyingine. Katika miaka ya 1930 saa za asubuhi za siku hiyo zilikuwa karibu kimya, na baadaye yalifuata mahubiri, mihadhara na muziki mzito. Vichekesho na muziki wa dansi havikuwa na nafasi. Matokeo yake ni kwamba wasikilizaji wengi walihamia Radio Normandy na Radio Luxembourg, zilizorusha burudani na matangazo ya biashara kutoka ng'ambo ya bahari. Reith aliondoka mwaka 1938, na masharti yale yakalegea, lakini wazo lenyewe kwamba Jumapili ina mwendo wake halikufa. Lilibadilika likawa jambo zuri zaidi: badala ya kumnyima msikilizaji, stesheni inampa vitu vingi vya aina mbalimbali, kila kimoja mahali pake. Jina la Radio 4 lenyewe lilianza tarehe 30 Septemba 1967, likichukua nafasi ya idhaa iliyoitwa Home Service.

Kuhusu matangazo ya sabuni, hutayasikia, kwa kuwa vipindi hivyo vinagharimiwa na leseni ya televisheni ambayo kaya hulipia kila mwaka. Ombi pekee la fedha utakalolisikia ni la dakika tatu, kabla ya habari za saa mbili asubuhi, ambapo shirika moja la hisani hupewa nafasi ya kueleza kazi yake na kuomba mchango. Maombi ya aina hiyo yamekuwa yakitangazwa kila wiki tangu mwaka 1926. Mimi huacha ninachokifanya nikayasikiliza, kwa sababu ni somo la jinsi ya kusema jambo zito kwa dakika tatu bila kumchosha mtu wala kumliza kwa nguvu.

Sasa, kwa nini haichoshi? Kwa maoni yangu siri iko katika urefu wa vipindi na ujirani wao. Kile cha ndege ni cha dakika moja na nusu tu. Makala ya maoni inayokitangulia, ambayo mwandishi mmoja huisoma peke yake bila kuhojiwa na mtu, haizidi dakika kumi. Kisha kinakuja kipindi cha saa nzima. Sikio linapata mahali pa kupumzika kabla halijadai. Isitoshe, ratiba haimtegi mtu: wiki baada ya wiki kitu kile kile kinakaa pale pale, kiasi kwamba mzee asiyeona vizuri anajua ni saa ngapi kwa sauti inayozungumza. Hata ile milio sita inayotangulia habari, mitano mifupi na wa sita mrefu, imekuwa ikitimiza kazi hiyo tangu mwaka 1924.

Kwa Kiingereza cha shule nakushauri uanze na Desert Island Discs, saa nne asubuhi. Kilianzishwa na Roy Plomley mwaka 1942, wakati wa vita, na utaratibu wake haujabadilika sana. Mgeni anaambiwa ajione ametupwa peke yake katika kisiwa kisicho na watu, achague rekodi nane za kwenda nazo, kitabu kimoja na kitu kimoja cha anasa. Biblia na maandishi yote ya Shakespeare anapewa bila kuomba. Utaona mwenyewe kwamba nyimbo si pambo. Mwanasiasa ambaye mahojiano ya kawaida hayamtoi neno la moyoni husikia sekunde thelathini za wimbo aliopenda mama yake, na sauti yake inabadilika. Wanaozungumza ni wawili tu, hawakatizani, na kila baada ya dakika chache muziki unakupa nafasi ya kukusanya ulichokielewa.

Ushauri wangu mwingine ni huu: usichague sana. Iache redio iseme. Mimi sikuwahi kuwa na bustani, naishi ghorofa ya tano, lakini kwa miaka mingi nimekuwa nikisikiliza Gardeners' Question Time Jumapili saa nane mchana. Kipindi hicho kilianzia katika hoteli moja huko Ashton-under-Lyne mwaka 1947. Wataalamu huenda kwenye ukumbi wa mji fulani, wenyeji wakasimama mmoja mmoja kueleza taabu zao: waridi lenye madoa meusi, konokono waliomaliza lettusi, mti wa tufaha usiozaa. Nisingekichagua kamwe kama ningeulizwa, na leo ninajua udongo wa Uingereza kuliko wengi waliozaliwa juu yake.

Mtayarishaji mstaafu, Dar es Salaam

Nimefurahi kuona swali hili, kwa kuwa nimetumia sehemu kubwa ya maisha yangu katika studio, na mchezo uliomchanganya dada yetu jikoni ni miongoni mwa kazi ninazoziheshimu kuliko zote.

Mchezo huo ni The Archers. Ulijaribiwa kwa wiki moja mwaka 1950 katika eneo la kati la Uingereza, na ukaanza kusikika nchi nzima tarehe 1 Januari 1951. Hakuna tamthilia nyingine duniani iliyodumu muda mrefu kama huo. Kijiji cha Ambridge hakipo kwenye ramani yoyote, lakini kilibuniwa kwa sababu ya kweli kabisa. Vita vilikuwa vimekwisha, chakula kilikuwa bado kinagawiwa kwa mgawo, na serikali ilitaka wakulima wazalishe zaidi. Godfrey Baseley, aliyeubuni, alitaka mkulima apate maarifa kupitia mdomo wa jirani yake wa kubuni badala ya mhadhara wa bwana shamba. Wenzetu wa umri wangu hapa nyumbani watakumbuka kwamba Radio Tanzania ilifuata njia hiyo hiyo kwa mchezo wa Twende na Wakati kuanzia mwaka 1993, ambapo dereva wa lori aitwaye Mkwaju alitufundisha kuhusu UKIMWI kuliko mabango yote ya barabarani.

Naomba niwaoneshe jambo moja la ufundi. Lango la shamba linapolia katika mchezo ule, kwa miaka mingi lililokuwa likilia ni meza kuukuu ya kupigia pasi. Mwanakondoo anapozaliwa, unachosikia ni taulo lililoloweshwa na mtindi kidogo. Msikilizaji hadanganywi, bali anapewa kitu kidogo na akili yake inajenga zizi zima, pamoja na harufu yake. Ndiyo maana dada yetu alidhani ni habari ya kweli, wala asione haya. Septemba 1955, mhusika Grace Archer alipokufa katika moto wa zizi la farasi, wasikilizaji waliomboleza kama waliofiwa. Na mwaka 2016, baada ya hadithi ndefu ya mke aitwaye Helen aliyekuwa akitawaliwa na kunyanyaswa na mumewe kidogo kidogo, wasikilizaji walichanga zaidi ya pauni 100,000 kwa shirika la Refuge linalowasaidia wanawake wa namna hiyo. Sheria ya kuufanya unyanyasaji huo kuwa kosa la jinai ilikuwa imeanza kutumika mwisho wa mwaka 2015, na naamini watu wengi waliielewa kupitia mchezo ule kuliko kupitia magazeti.

Unachosikia Jumapili asubuhi ni vipande vyote vya wiki vilivyounganishwa, kwa hiyo huna haja ya kufuatilia kila siku. Andika majina matano tu kwenye karatasi na ni nani mke au mtoto wa nani. Baada ya Jumapili tatu hutaihitaji karatasi. Mimi husikiliza kwa intaneti: wakati wa baridi yao huanza saa nane mchana kwetu, na wakati wa kiangazi, wanaposogeza saa zao mbele, huanza saa saba.

Baharia mstaafu, asili yake Lamu

Mwanangu, nitakujibu swali la pili, maana hilo ndilo ninalolijua vizuri.

Majina yale ni ya bahari. Bahari zinazovizunguka visiwa vya Uingereza zimegawanywa katika maeneo 31, na kila eneo lina jina lake: mengine ni ya mafungu ya mchanga chini ya maji, mengine ya midomo ya mito, mengine ya visiwa. Msomaji huanza Viking upande wa Norway, anashuka Bahari ya Kaskazini, anapita Dover, anazunguka hadi Ureno, kisha anapanda upande wa Ireland na Uskoti mpaka Iceland, kama akrabu ya saa. Humber ni mdomo wa mto uliopo mlangoni kwenu hapo Hull. Eneo moja tu lina jina la mtu, nalo ni FitzRoy, ambalo hadi mwaka 2002 liliitwa Finisterre. Robert FitzRoy alikuwa nahodha wa Beagle, meli iliyomchukua Charles Darwin, na ndiye aliyeanzisha idara ya hali ya hewa mwaka 1854. Meli Royal Charter ilipovunjika kwa dhoruba mwaka 1859 na mamia ya watu kuzama, alifanya bidii mpaka maonyo ya dhoruba yakaanza kupelekwa bandarini kwa telegrafu ya waya mwaka 1861.

Sikiliza vizuri na utaona kwamba hakuna neno la bure. Taarifa nzima hairuhusiwi kuzidi maneno 350, isipokuwa ile ya usiku wa manane inayoongezewa kidogo. Kila eneo hupewa upepo unakotoka na nguvu yake kwa namba, kisha mvua au la, kisha umbali wa kuona, na kitenzi hukisikii. Maneno yanayosikika kama ya kawaida yana vipimo vyake. Dhoruba ikisemwa inakuja punde hivi, maana yake ni ndani ya saa 6. Neno lao la "karibuni" ni kati ya saa 6 na 12. Na "baadaye" ni kati ya saa 12 na 24. Likisomwa "njema" mwishoni, nahodha anajua ataona zaidi ya maili tano za baharini. Sisi wa pwani tulisoma bahari kwa kusi na kaskazi, kwa mawingu na kwa rangi ya maji, na wazee wetu hawakukosea mara nyingi. Lakini katika Bahari ya Kaskazini upepo hugeuka mara tatu kwa siku, na nilipokuwa kwenye meli za mizigo nilimshukuru Mungu kwa sauti ile tulivu.

Kuhusu bibi yako, naomba uwe mpole. Mwezi wa Januari na Februari 1968, meli tatu za uvuvi za Hull, St Romanus, Kingston Peridot na Ross Cleveland, zilizama moja baada ya nyingine katika baridi ya kaskazini, na wanaume 58 wakafa. Aliyenusurika ni mmoja tu, Harry Eddom. St Romanus iliondoka bandarini bila mtu wa kuendesha mitambo yake ya mawasiliano. Wake na mama wa mtaa wa Hessle Road, wakiongozwa na Lillian Bilocca, waliandamana wakiwa wamejifunga vitambaa vya kichwani, wakaenda hadi London kuonana na mawaziri, na wakapata walichodai, ikiwemo kila meli kuwa na mtu wa mawasiliano. Simjui bibi huyo wala mumewe. Lakini mwanamke wa umri wake aliyeolewa na mvuvi wa Hull alikuwepo mjini siku hizo. Usimhoji. Akitaka atakusimulia, na likisomwa jina la Humber, nyamaza naye.

Mwanafunzi, Birmingham

Naheshimu sana maelezo ya wakubwa, lakini sikubaliani na ushauri wa kuiacha redio iseme. Kwa mtu anayejifunza lugha, maneno ya kutwa nzima hupita kama maji juu ya jani la mgomba. Mimi nilipofika hapa nilichagua kipindi kimoja cha nusu saa, nikakisikiliza mara mbili kupitia simu, mara ya pili nikiwa na kamusi, na Kiingereza changu kilipanda kwa miezi michache.

Vilevile ni vyema dada yetu ajue kwamba Radio 4 si Jumapili ya Waingereza wote. Wapo wengi ambao siku hiyo kwao ni Radio 5 Live, iliyoanza mwaka 1994, yenye mpira, habari na wasikilizaji wanaopiga simu; na London kuna LBC, iliyokuwa stesheni ya kwanza ya biashara yenye leseni mwaka 1973, ambayo huishi kwa mabishano ya simu. Huko utasikia lafudhi za watu unaokutana nao kwenye basi, jambo ambalo mlezi wa wazee analihitaji kila siku.

Msikilizaji wa zamani, London

Kuhusu kusikiliza mara mbili uko sahihi, na kuhusu lafudhi nakubali kabisa. Ila dada yetu hakai na simu yake masikioni. Anakaa jikoni na mtu. Kipindi alichokichagua mtu peke yake hukisikia peke yake. Kile kilichokuja chenyewe saa nane mchana wanakisikia wote wawili, na wakitaka wanakizungumzia wakati wa chai.

Mlezi wa Hull

Nawashukuru nyote, na nimechelewa kujibu kwa sababu nilitaka kwanza Jumapili ipite.

Niliandika majina matano ya Ambridge nyuma ya bahasha na kuibandika kwenye mlango wa friji. Bibi aliisoma, akachukua kalamu, akaniongezea manne, na akasahihisha moja ambalo nilikuwa nimemwoza mtu mke asiye wake. Katika mahojiano ya saa nne nilielewa karibu nusu, na hiyo nusu ilinitosha.

Jioni sikungoja kidole mdomoni. Nilizima jiko mapema, nikavuta kiti, nikakaa. Nilisikia "Humber", nikasikia upepo wa kusini-magharibi, 4 au 5, na neno "njema", na kwa mara ya kwanza nilijua ni njema ya nini. Bibi alinitazama kwa muda. Kisha alifungua droo ya chini ya kabati, akatoa ramani iliyokunjwa mpaka mikunjo imechanika, yenye alama ya kikombe pembeni, akaitandaza mezani kati ya sahani. Ilikuwa ya mumewe tangu alipoanza kazi akiwa kijana. Tulizunguka nayo eneo moja baada ya jingine kwa kidole, na muziki wa The Archers ya saa moja ukaanza nikiwa bado sijavaa koti.

Baba wa Lamu, nina swali moja dogo. Mahali ambapo redio husema German Bight, ramani ya bibi imeandikwa Heligoland. Je, ni eneo jingine?

Baharia mstaafu, asili yake Lamu

Ni eneo lile lile, mwanangu. Jina lilibadilishwa mwaka 1956, kwa hiyo ramani hiyo ni ya kabla ya hapo. Mwambie bibi aitunze mahali pakavu, na aiweke bila kuikunja tena.